Asilimia 3 ya LUKU na vijito vya Rungwe: ruzuku ya nishati jadidifu inamfikia nani?

Mzawa wa Rungwe (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mwezi uliopita nilinunua umeme wa shilingi 10,000 kwa ajili ya duka langu hapa Tukuyu, na kwa mara ya kwanza nikaisoma risiti yote badala ya kunakili zile tarakimu 20 na kuitupa. Umeme wenyewe ulikuwa wa shilingi 8,196.72. VAT ya asilimia 18 ilichukua 1,475.41, tozo ya asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ikachukua 81.97, na mstari uliofuata uliandikwa REA 3%, shilingi 245.90. Nimekuwa nikilipa fedha hiyo kwa miaka mingi bila kujiuliza inakwenda wapi, na nadhani wengi wetu tuko hivyo.

Kwa faida ya wasiofahamu, Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ilianzisha Wakala wa Nishati Vijijini (ndiyo REA ya kwenye risiti), Bodi yake na Mfuko wake, na Wakala ukaanza kazi mwaka 2007. Mfuko hupata fedha kwa tozo hiyo ya umeme, kwa shilingi 100 katika kila lita ya petroli au dizeli, kwa bajeti ya Serikali, na kwa michango ya wahisani kama Benki ya Dunia, Umoja wa Ulaya, Sweden na Norway. Kwa hiyo mtu wa Tukuyu anayepanda bodaboda kwenda sokoni na kurudi nyumbani kuwasha taa ameuchangia Mfuko huo mara mbili kwa siku moja. Tuache basi kuizungumzia ruzuku ya nishati kana kwamba ni sadaka inayotoka ng'ambo.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu ya jambo lililotupata. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima katika kijiji kimoja cha Busokelo, mahali penye kijito kinachoshuka mita zipatazo 35 katika umbali mfupi. Wazee wetu walikitumia kuzungusha jiwe la kusagia, na sisi tukaona kingeweza kuendesha mashine ya kukoboa mpunga na kuwasha taa za kitongoji chenye kaya sitini kilicho ng'ambo ya bonde, ambako nguzo za gridi hazijafika. Tukachanga fedha, tukaandika andiko la mradi la kurasa 14, tukaambatanisha muhtasari wa mkutano wa kijiji wenye mhuri wa mtendaji, tukalipeleka kwa wanaotoa ruzuku.

Tulijibiwa baada ya miezi saba, na jibu halikuwa "hapana". Tuliulizwa maswali manne: takwimu za maji za mwaka mzima ziko wapi, kibali cha kutumia maji kiko wapi, hati ya mazingira iko wapi, na ni chombo gani chenye usajili wa kisheria kitakachoimiliki mitambo. Hatukuwa na hata kimoja. Maji tulikuwa tumeyapima mara moja tu, mwezi wa Aprili, wakati Rungwe yote inavuja kama chujio, tukapata lita 240 kwa sekunde. Kwa hesabu ya kawaida, yaani mita za ujazo kwa sekunde mara mita za mporomoko mara 9.81, kisha ukaondoa kiasi cha asilimia 40 kinachopotea kwenye bomba na mitambo, tuliona kilowati 49 na tukaanza kugawana umeme mdomoni. Niliporudi kupima mwezi wa Novemba nilipata lita 60, ambazo ni kilowati 12 na kidogo. Siku hiyo nilikaa kwenye jiwe nikacheka peke yangu.

Simlaumu aliyetuuliza, maana angetupa fedha tungejenga mtambo wa kilowati 49 unaokaa bure nusu ya mwaka. Hata hivyo naona kuna tatizo katika namna ruzuku hizi zinavyopangwa: fedha nyingi ya umma huelekezwa kwenye ujenzi, yaani nguzo, nyaya na kuunganisha wateja, lakini kazi ya kabla ya ujenzi, ambayo ndiyo inayoamua kama kuna mradi au hakuna, anaachiwa mwananchi aifanye kwa mfuko wake. Mwenye mhandisi na mwanasheria huvuka hatua hiyo, na mwenye kijito hukwama hapo. Naomba michango ya wenye uzoefu.

Fundi wa Mufindi

Mkuu, nakushukuru kwa kusema ukweli kuhusu kipimo cha Aprili, maana wengi hulificha kosa hilo. Ila sehemu moja umeteleza, na nitakusahihisha kwa heshima.

Fedha za maandalizi ziliwahi kuwapo. Mradi wa TEDAP wa kuendeleza na kusambaza nishati Tanzania, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwishoni mwa mwaka 2007 kwa mkopo wa IDA (tawi la benki hiyo linalokopesha nchi maskini) na fedha za GEF (mfuko wa mazingira duniani), ulikuwa na mafungu matatu kwa ajili ya miradi midogo iliyopitia REA. Fungu la kwanza lilikuwa ruzuku ya kuchangia upembuzi yakinifu, ambapo mwendelezaji, yaani mwenye mradi, alilipa sehemu ndogo ya gharama na Wakala ukalipa sehemu kubwa. La pili lilikuwa dola 500 za Marekani kwa kila mteja mpya anayeunganishwa. La tatu lilikuwa dirisha la mikopo ya muda mrefu kupitia TIB, benki ya maendeleo ya Serikali, hadi miaka 15, kwa sababu benki zetu za biashara zilizoea kukopesha kwa miaka michache, na mtambo wa maji hauwezi kulipa deni lake katika miaka michache.

Matunda yake unaweza kuyaona huku kwetu. Mtambo wa maji wa Mwenga wa megawati 4 ulianza kuzalisha mwaka 2012. Umeme wake unakwenda kwenye kiwanda cha chai, unakwenda vijijini kwa mtandao wa mwendelezaji mwenyewe, na unaobaki unauzwa TANESCO kwa mkataba wa kawaida wa wazalishaji wadogo. Fedha za Umoja wa Ulaya na za REA zimo ndani yake. Mwaka 2020 wakaongeza mitambo mitatu ya upepo yenye jumla ya megawati 2.4, kwa msaada wa mkopo kutoka mpango unaogharimiwa na Serikali ya Uingereza. Sababu yake ni hiyohiyo iliyokuchekesha pale kwenye jiwe: mto unapopungua wakati wa kiangazi, upepo wa Mufindi ndipo unapovuma vizuri.

Kwa hiyo tatizo lenu lilikuwa ukubwa wa mradi, sidhani kama lilikuwa kukosekana kwa dirisha. Gharama za upembuzi hazipungui kwa kadiri mradi unavyopungua. Mhandisi wa kupima mto wa megawati 4 na yule wa kupima kijito cha kilowati 12 wote wanapanda gari, wanalala nyumba ya wageni na wanaandika ripoti. Yule wa kwanza anaigawa gharama hiyo kwa maelfu ya wateja, na ninyi mnaigawa kwa kaya sitini.

Mzawa wa Rungwe

Nimesahihishwa, mkuu, na nakubali. Niliandika kana kwamba fedha za maandalizi hazikuwahi kuwapo, nami nilipaswa kusema kwamba hazikuundwa kwa ajili ya watu wa saizi yetu. Hata ile sehemu ndogo ya kuchangia, kwa kikundi kinachokusanya shilingi 5,000 kwa mwezi kwa kila mwanachama, ni mlima Rungwe.

Mkazi wa Kihesa

Samahani kama nitawaudhi. Bwawa la Julius Nyerere limekamilika na mashine zote tisa, megawati 2,115. Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na sasa kazi imehamia kwenye vitongoji ambavyo ni 64,359. Kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000. Katika mazingira hayo, kwa nini fedha ya umma itumike kupima kijito cha kilowati 12? Mwambieni mkandarasi wa REA avushe nguzo hilo bonde, yaishe. Mnataka kuwa na mtambo, bodi, mhasibu na fundi kwa ajili ya kaya sitini, wakati jirani yenu analipa shilingi 100 kwa uniti na wala hajui mtambo uko wapi.

Mzawa wa Rungwe

Hujaniudhi, ndugu, swali hilo mke wangu ameniuliza mara nyingi kuliko wewe. Nitalijibu kwa sehemu mbili.

Kwanza nakubali kwamba kwa taa na simu za kaya sitini, nguzo zikivuka bonde ni nafuu kuliko mradi wetu. Nikiambiwa leo kwamba mkandarasi anakuja baada ya miezi sita, nitaufunga mradi wa taa na kubakiza mashine ya kukoboa tu, ambayo haihitaji hata waya wa mtaani.

Pili, gridi kufika kijijini na umeme kuwapo na nguvu inayofaa ni mambo mawili. Sisi tuko mwishoni mwa laini ndefu. Umeme unazalishwa Rufiji, Kidatu, Kihansi au Mtera, unasafiri, unapanda milima yenye mvua na migomba, na jioni mashine ya kukoboa ikiwashwa pale kijijini kwetu, taa za kanisani zinafifia mpaka mwinjilisti anasimamisha somo. Mzalishaji mdogo aliyeko mwishoni mwa laini huinua nguvu ya umeme palepale unapotumika. Utaratibu wa EWURA wa wazalishaji wadogo ulianza mwaka 2008 na unawahusu wanaouza hadi megawati 10, na TANESCO hununua umeme wao kwa mkataba na bei zilizopangwa. Kilowati 12 zetu hazifiki huko, lakini mito yenye megawati moja au mbili ni mingi kutoka Kiwira hadi Ludewa, na hiyo ndiyo ninayoona inastahili fedha ya umma ya kupimwa.

Binti Ludewa

Nimesoma kwa makini, na nashangaa kwamba wote mmezungumzia kabla ya ujenzi na wakati wa ujenzi. Mimi naomba tuzungumzie baada.

Kwetu kuna mradi wa Lumama, jina lililofinyangwa kutoka vijiji vya Lupande, Madunda na Mawengi. Ni mtambo wa kilowati 300 uliojengwa kwa msaada wa shirika la Kiitaliano la ACRA na wadau wake, na unaendeshwa na jumuiya ya watumiaji wa umeme. Kabla yake wenye mashine za kusaga walikuwa wakifuata dizeli Njombe kwa barabara ambayo kila mtu wa Ludewa anaijua wakati wa masika. Umeme ulipofika, maseremala walinunua randa za umeme na zahanati ikapata jokofu la chanjo. Kule Matembwe, wilaya ya Njombe, kijiji kimekuwa na mtambo wake wa maji tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo hatuzungumzii ndoto.

Lakini ruzuku ni kama mahari: hulipwa mara moja, na baada ya hapo nyumba inatunzwa kila siku. Kwenye mitambo ya namna hii nimeona vitu vinavyoiua, na hakuna hata kimoja kilichomo kwenye andiko la mradi. Banio, yaani kizuizi kinachoelekeza maji kwenye mtambo, hujaa mchanga kwa sababu watu wamelima mpaka ukingoni mwa mto juu yake. Beringi hufa, na ya kuagiza nje huchukua miezi. Fundi aliyefunzwa kwa fedha za mradi huhamia Dar es Salaam kwa mshahara mara tatu. Bei ya uniti hupangwa kwa huruma katika mkutano wa hadhara, na mwaka wa tano hakuna akiba ya kununulia hata nguzo iliyooza. Anayetoa fedha anataka kuhesabu wateja waliounganishwa, maana hilo linahesabika. Hakuna anayekuja mwaka wa saba kuhesabu wateja ambao taa zao bado zinawaka.

Kama ningekuwa na kauli juu ya Mfuko, ningetenga sehemu ya kila ruzuku isitolewe wakati wa uzinduzi, ikae kwenye akaunti ya pamoja na itolewe kidogokidogo mwaka wa tatu, wa tano na wa saba kwa sharti kwamba mtambo unafanya kazi na vitabu vya jumuiya vimekaguliwa.

Fundi wa Mufindi

Dada, hapo kwenye bei umegusa kidonda. Tusisahau kwamba mwaka 2020 Wizara ya Nishati iliwaagiza wenye gridi ndogo binafsi watoze shilingi 100 kwa uniti, sawa na mteja mdogo wa TANESCO. Kwa mwananchi lilikuwa jambo la haki, kwa sababu haiingii akilini mtu wa kisiwani au mlimani kulipa bei kubwa mara kadhaa kuliko mtu wa mjini. Kwa mwendelezaji, hata hivyo, gharama zake hazikushuka siku hiyo, na pengo halikupata wa kuliziba. TANESCO humudu shilingi 100 kwa mteja mdogo kwa sababu wateja wakubwa hulipa zaidi na kufidia. Gridi ndogo yenye kaya 200 haina mteja mkubwa wa kumfidia mdogo. Serikali ikitaka bei moja nchi nzima, na mimi naiunga mkono, basi ruzuku ya ujenzi peke yake haitoshi na lazima iwepo ruzuku ya uendeshaji.

Mkazi wa Kihesa

Na gridi ya Taifa ikifika hapohapo penye mtambo, je?

Fundi wa Mufindi

Kanuni za EWURA zinampa mwendelezaji njia kadhaa. Anaweza kuwa mzalishaji mdogo akauza umeme wake kwa TANESCO, anaweza kubaki msambazaji anayenunua umeme wa jumla kutoka gridi na kuuza rejareja kwa wateja wake, au anaweza kulipwa fidia ya nguzo na nyaya zake kama zimekidhi viwango. Neno la kushika hapo ni viwango. Ukijenga kwa nguzo za mikaratusi isiyotiwa dawa na waya mwembamba ili kubana matumizi, siku gridi ikifika unachomiliki ni kuni. Mzawa, ukijenga, jenga kwa viwango vya TANESCO tangu nguzo ya kwanza.

Mwana Mbalizi

Mmesahau jotoardhi, yaani umeme wa mvuke wa chini ya ardhi, na tunakaa juu yake. Ziwa Ngozi, Kiejo-Mbaka kule Busokelo, Songwe, zote ziko chini ya TGDC, kampuni ya kuendeleza jotoardhi, tanzu ya TANESCO iliyoanzishwa mwaka 2013. Huku ndiko fedha ya umma inakohitajika kuliko popote, kwa sababu kisima kinaweza kuchorongwa kwa mabilioni na kisitoe mvuke wa kutosha, na hakuna benki inayokopesha shimo. Ndiyo maana Umoja wa Afrika na Ujerumani, kupitia benki ya KfW, waliunda mfuko maalumu wa kuchangia hatari ya uchorongaji katika nchi za Bonde la Ufa mwaka 2012, na ndiyo maana mpango wa Tanzania wa mwaka 2013 chini ya SREP, programu ya kimataifa ya kukuza nishati jadidifu katika nchi maskini, uligawa fedha zake nusu kwa jotoardhi na nusu kwa nishati jadidifu vijijini. Kiejo-Mbaka visima vifupi vilichorongwa mwaka 2021. Ni zaidi ya miaka kumi tangu mipango hiyo, na Mbeya bado hatujawasha taa hata moja kwa mvuke.

Mzawa wa Rungwe

Ndugu wa Mbalizi, mfano wako unanisaidia kuliko unavyodhani. Kwenye jotoardhi kila mtu amekubali kwamba hatari ya mwanzo, yaani kutojua kilichomo chini, haiwezi kubebwa na mwekezaji peke yake, na umma ukakubali kuingia hapo. Kijito nacho kina hatari ya mwanzo, isipokuwa ni ya bei ndogo mno: mtu mmoja, rula iliyochorwa kwenye ubao, daftari, na miaka miwili ya kuamka asubuhi. Pendekezo langu, baada ya kusahihishwa na kuelimishwa, ni kwamba Mfuko uache kungoja kila kikundi kilete upembuzi wake. Uzilipe ofisi za mabonde ya maji zipime vijito vyote vyenye mporomoko katika wilaya kama Rungwe, Makete, Ludewa na Mufindi kwa mkupuo mmoja, na matokeo yabandikwe halmashauri ambapo kila mtu atayaona. Kijito kisichofaa kijulikane mapema, na watu wake wasichange tena. Wazo la Binti Ludewa la kuzuia sehemu ya ruzuku hadi mwaka wa saba nalichukua kama lilivyo.

Mgeni wa Makete

Shikamooni wakubwa. Nasi tuna kijito na kikundi cha watu 18, na hatujaandika chochote. Tuanzie wapi ili tusirudie ya Busokelo?

Mzawa wa Rungwe

Marahaba. Msianze na andiko. Anzeni mwezi wa Oktoba, maji yakiwa machache, na mpime kila wiki mahali palepale. Kijito kidogo hupimwa kwa kukinga maji kwenye pipa la lita 200 na kuhesabu sekunde za kulijaza, na kikiwa kikubwa jengeni ukingo wa mbao wenye mwanya wa mraba na someni kina cha maji yanayopita. Mwandikaji awe mmoja, na daftari lisikae kwa mwenyekiti.

Wakati huohuo, sajilini kikundi kiwe chombo cha kisheria, ushirika au kampuni, kwa sababu umoja usiosajiliwa haupewi kibali wala hauwezi kusaini mkataba. Kibali cha kutumia maji kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde. Kama maji yenu yanaelekea Ziwa Nyasa ofisi iko hapa Tukuyu, na kama yanaelekea Ruaha Mkuu nendeni Iringa, kwenye Bonde la Rufiji. Makete iko kwenye mgawanyo wa maji, kwa hiyo ulizeni kwanza kijito chenu kinaangukia upande gani kabla ya kupoteza nauli. Suala la mazingira ni la NEMC, baraza la Taifa la mazingira, lakini mwone kwanza afisa mazingira wa wilaya akuelekeze ngazi inayohusu mradi mdogo. Kwa mradi ulio chini ya megawati 1 hamtahitaji leseni kamili ya EWURA, ila mtajisajili.

Sisi tumefikisha miezi 16 ya daftari. Asubuhi ya leo kina kilikuwa sentimita 14, na mwaka jana wiki kama hii kilikuwa 17. Ng'ambo ya kijito, hatua mia mbili juu ya ukingo wetu, mtu ameanza kulima viazi.